Ng'ombe Wembamba wa Kwenye Tovuti

Asubuhi ile niliondoka Mbulumbulu kwa sababu ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa. Sababu nyingine sikuwa nayo. Mwenye shamba aliniuliza ninaelekea wapi, nikamwonyesha barabara kwa kidevu. Akasema barabara haielekei popote, imelala tu hapo, watu ndio wanaoelekea. Tukacheka, nikafunga blanketi langu, nikaanza kutelemka kwa miguu katikati ya mashamba yaliyobaki mabua.

Nilikuwa nimezoea kuishi hivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, bila kufukuzwa wala kukosa ada. Siku moja nilipanda lori la vitunguu nione vitunguu vya kwetu vinakwenda wapi, na baada ya vitunguu kulikuwa na jambo jingine la kuona, kisha jingine. Nilifyatua matofali, nikawa utingo, nikachimba misingi ya hoteli ambazo sikuwahi kuingia zilipokwisha kujengwa. Nikichoka na mahali huondoka asubuhi, maana jioni mtu huanza kufikiria nyumbani.

Karatu niliingia mchana, vumbi limenikaa hadi kwenye nyusi. Kando ya barabara kuu, kati ya gereji na duka la vinyago, palikuwa na kibao cha kafe ya intaneti. Mlangoni ameketi mama mmoja, mtu wa Kilimanjaro kwa lafudhi yake, anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Nikasimama kwenye kivuli cha baraza yake.

"Unataka kompyuta au unataka kivuli?" akaniuliza.

"Vyote viwili."

"Kivuli ni bure. Anza nacho."

Nilianza nacho, nikakaa miezi. Yule mama alikuwa ameanza na mashine ya fotokopi, akaongeza kompyuta chache zilizokwisha kutumika kwingine. Wateja wake walikuwa madereva wa watalii, walimu, na wazungu waliotoka kreta wakitaka kuwaandikia watu wao kwamba wamemwona faru. Alihitaji mtu wa kufagia, kuwasha jenereta umeme ukikatika, na kuwasaidia wale ambao hawajawahi kushika mausi. Kazi hiyo ya mwisho niliipenda. Mwenye duka la pembejeo aliinua mausi akaielekeza kwenye kioo kama anabadilisha chaneli, na tulipocheka naye akacheka, akasema angalau yeye amejaribu. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu katika miji mingine. Usiku nililala stoo, kati ya maboksi ya karatasi. Mama akaniita Mtembezi, na jina likashika mtaa mzima.

Mchana, jua likiwa kali na wateja hawapo, mama aliniachia kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi ya A ilikuwa haikubali mpaka uikandamize. Wengine wangefungua mpira au muziki. Mimi nilikuwa nafungua tovuti za vyuo. Sijui kwa nini hasa. Labda ni kwa sababu nilitoka darasani na miguu yangu mwenyewe, na nilipenda kuchungulia huko ndani pasipo mtu wa kuniuliza sare yangu iko wapi.

Nilizunguka vyuo vingi kwa njia hiyo, vya kwetu na vya mbali. Nikagundua kwamba kila chuo kina namna yake ya kumpokea mgeni. Vingine, ukifungua tu, unakutana na salamu za mkuu wa chuo, ndefu, na picha yake amekaa nyuma ya meza yenye bendera. Salamu zinapokwisha hakuna pa kwenda. Vingine viliandika maneno ya kukukaribisha yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto, na kabla hujayasoma yamekwisha kupita, ukasubiri yazunguke tena. Kimoja kilipiga muziki. Kingine kilikuwa na vyumba vingi vya kubofya, na kila chumba ukifungua unamkuta mtu wa kuchora ameshika koleo, maana yake ukurasa bado unajengwa. Nilirudi huko baada ya wiki kadhaa nikamkuta bado anachimba.

Polepole nikaanza kuwa na vipimo vyangu. Nilijifanya mtu anayetaka kujiunga, nimetoka mbali, sina wa kumwuliza, na mtandao unaweza kukatika wakati wowote. Je, mlango ninauona? Nikishaingia, najua niko wapi? Nikipotea, narudi vipi? Chuo chenye majengo mazuri kilishindwa mara nyingi, na chuo cha mabati kikashinda. Mama alipita siku moja na kikombe cha chai, akatazama kioo changu.

"Unakagua vyuo kama mkaguzi wa wilaya," akasema. "Na wewe mwenyewe huna hata cheti cha kuhitimu ubatizo."

"Mkaguzi hasomi pale anapokagua, mama."

"Ndiyo maana shule ziko hivyo zilivyo."

Basi ikaja siku ya mnada. Siku hiyo Karatu hujaa watu kutoka pande zote, na kutoka juu, upande wa Nainokanoka, wafugaji hushuka na malori wakiwa na mbuzi wao. Mchana aliingia binti mmoja, amejifunga shuka juu ya sweta ya shule, na nyuma yake baba yake, mzee mrefu mwenye fimbo, ambaye alitazama kwanza dari, kisha madirisha, ndipo akaketi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake yalitosha kusomea cheti. Alikuwa na majina ya vyuo vitatu kichwani, na maombi yalikuwa yanakaribia kufungwa. Mnada mwingine ungewakuta wamechelewa. Baba asipokubali siku zile, angerudi juu kuuza sukari na majani ya chai katika duka la shangazi yake, na mwaka unaofuata zamu ya ada ilikuwa ya wadogo zake. Haya alinieleza kwa sauti ya chini wakati kompyuta inawaka, kwa Kiswahili safi cha shuleni, huku mzee anatazama mbele kama asiyesikia.

"Papa amesema hawezi kunipeleka mahali ambapo hajapaona," akasema, akimwonyesha baba yake kwa macho. "Nikamwambia siku hizi vyuo vinaonekana kwenye kompyuta."

"Basi nionyeshe," akasema mzee. Kumbe alikuwa anasikia yote.

Nilifungua cha kwanza. Kilikuwa ni kile cha muziki. Mzee alisikiliza wimbo mpaka mwisho kwa heshima, akangoja. Wimbo ukaanza upya.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Bado hawajasema," nikamjibu.

"Wanakunywa maji wapi?"

Nikabofya huku na huko. Kulikuwa na historia ya chuo, kulikuwa na wageni wa heshima wakikata utepe, lakini maji hayakuwepo.

"Wasichana wanalala wapi?"

Mabweni pia hayakuwepo. Mzee akanyanyua fimbo kidogo akaigusa sakafu, nikaelewa kwamba tuhame. Chuo cha pili kilikuwa cha yule mshika koleo. Mzee alimtazama kwa makini.

"Huyu anachimba kisima?"

"Hapana, mzee. Anajenga huu ukurasa."

"Amalize kwanza ndipo watu waje," akasema, na mama wa kafe aliyekuwa mezani kwake akaguna kwa kukubali.

Cha tatu ndicho binti alichokitaka tangu mwanzo, na alikiacha mwisho kwa makusudi. Kilikuwa chuo cha mifugo. Mzee aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza. "Unaacha ng'ombe nyumbani, unakwenda kusomea ng'ombe kwa watu?" Binti akajibu kwamba nyumbani ng'ombe akiugua wanamngoja bwana mifugo mpaka anakufa, na siku bwana mifugo anapofika anakula nyama ya maziko. Mzee akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

Tovuti yenyewe haikuwa nzuri ya kutazama. Ilikuwa ya kijani kibichi kinachoumiza macho, na herufi zilizojibana. Lakini ilikuwa na neno moja kubwa, KUJIUNGA, kwa Kiswahili, na ukilibofya unaambiwa kila kitu kwa utaratibu: nani anafaa, aandike vipi, na akija aje na nini. Aje na buti za mpira, ovaroli, godoro na ndoo mbili. Nilimsomea mzee. Zile ndoo mbili alizipenda. "Mtu anayekuambia uje na ndoo," akasema, "anajua maji yako umbali gani." Katika vyuo vyote nilivyozunguka, hicho ndicho kilichokuwa kinamtazama mtu anayekuja badala ya kujitazama chenyewe. Nilimgeukia binti, naye alikuwa ameanza kutabasamu.

Ndipo picha ikafika. Picha siku zile zilishuka taratibu kutoka juu kama pazia. Ikatokea mbingu, ikatokea paa la banda, zikatokea pembe, kisha ng'ombe wenyewe, wamejipanga kwenye hori wakitutazama. Walikuwa wembamba kama mbao zilizosimamishwa. Miguu mirefu, vifua hakuna.

Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama muda mrefu, akasema kitu kwa Kimaa, na tabasamu la binti likaondoka.

"Amesema nini?" mama akauliza kutoka mezani.

"Amesema hawa hawatafika mvua," binti akajibu.

Mzee akakaa wima. "Chuo cha ng'ombe," akasema. "Walimu wa ng'ombe. Na ng'ombe wao ni hawa. Kama wameshindwa kuwalisha hawa wenye mdomo mkubwa, huyu wangu watamlisha nini?" Akasimama. Kwake maneno yalikuwa yamekwisha. Aliyewahi kuhamisha mifugo hahitaji kuambiwa mara mbili anapoona mifugo ya wenzake imekonda, anageuza njia.

Nilibaki nimekikodolea kioo macho, maana kuna kitu kilinisumbua. Kando ya ng'ombe alisimama mkuu wa chuo, na yeye pia alikuwa mwembamba kama njiti, na kofia yake ndefu kama chupa. Hata tairi la trekta lililoegemea ukuta lilikuwa limesimama kama yai. Nikaelewa. Aliyetengeneza tovuti alikuwa na picha pana na nafasi nyembamba, akaisukuma picha iingie.

"Mzee, subiri kidogo." Nikaihifadhi ile picha, nikaifungua peke yake. Ikajaza kioo. Tairi likawa duara, mkuu wa chuo akapata mashavu, na ng'ombe wakapanuka vifua, wamenawiri, ngozi zinang'aa.

Nilitarajia afurahi. Alitazama ng'ombe, akanitazama mimi, akamtazama mama.

"Huyu kijana wako amewanenepesha kwa kidole."

"Ni ng'ombe wale wale, mzee," mama akasema. "Walikuwa wamebanwa."

"Nimeona. Sasa nikimwomba, anaweza kuwakondesha tena?"

Ilibidi niseme ndiyo.

"Basi hapa sijaona ng'ombe," akasema. Hakuwa na hasira. Aliketi tena, na kwa hilo tu nikajua kwamba shauri halijafungwa. Akatueleza, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kwao mifugo haihamishwi kwa maneno ya msafiri. Anatumwa mtu. Anakwenda akatazame nyasi na maji, analala hapo, anarudi na kusema alichokiona, na asichokiona anasema hakukiona. Yeye mwenyewe angekwenda, lakini juu kulikuwa na ndama wagonjwa, na dawa yao aliambiwa aingoje hapo mjini hadi kesho yake jioni. Kisha fimbo yake ikaninyookea, akaniita kijana kwa Kimaa.

"Yero. Wewe uliyewanenepesha. Nenda ukawaone."

"Huyo akienda harudi," mama akasema. "Huyo ni Mtembezi."

"Asirudi. Apige simu."

Nauli ilitoka kwake. Kabla hatujaachana alinipeleka nje, akasimama nami kwenye baraza, akanifundisha kutazama. Mbele ya nyonga ya ng'ombe, upande wa kushoto, kuna bonde. Likijaa, ameshiba leo. Tazama samadi, usione kinyaa. Tazama ndama: akiruka, mama yake ana maziwa. Na mkamuaji anapokaribia, tazama kama ng'ombe anageuza masikio au anarudi nyuma.

"Na wasichana?" nikauliza.

"Wasichana watazame hivyo hivyo. Kama wameshiba. Kama wanaogopa."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alinirekebishia kamba ya blanketi iliyokuwa imelegea begani, kama mtu anayekagua mzigo kabla ya lori kuondoka. Walikubaliana wangengoja kwa jamaa yao hapo hapo mjini, na simu ningempigia mama.

Nikaondoka na basi la kwanza asubuhi iliyofuata. Tukatelemka ukingo wa bonde kuelekea Mto wa Mbu, nikabadilisha gari Makuyuni, tukashika njia ya kusini. Ilikuwa ajabu kidogo kwangu. Miaka yote nilikuwa nasafiri bila kuulizwa nimeona nini, na sasa kila nilichopita nilikuwa nakipima, nyasi za kandokando, madimbwi, mbavu za punda. Mji wenyewe siutaji, kwa sababu ni mdogo na chuo chake ni kimoja tu. Nilishuka jua limeanza kulala, nikaulizia, nikatembea kwa njia ya vumbi mpaka kwenye senyenge.

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Niliwatambua kabla sijaona kibao cha chuo: yule mweusi mwenye bato jeupe usoni, yule mwenye pembe moja iliyoinama. Hawakuwa wanene kama kwenye kioo, wala wembamba kama kwenye tovuti. Niliinama kwenye senyenge nikatafuta lile bonde mbele ya nyonga, nikaliona limejaa kwa wengi wao, na ndama walikuwa wanaruka zizini. Nyuma yao walikuja wanafunzi wawili wa kike katika buti za mpira, na mmoja alikuwa analigombeza dume zima lililosimama njiani, analisukuma kwa bega, analiambia jamani wewe kila siku ni wewe tu. Dume likatii. Mwenzake alicheka mpaka akaangusha ndoo. Kwenye bomba walisimama wengine na ndoo zao mbili mbili, na maji yalikuwa yanatoka.

Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala wasichana. Nilizunguka hadi lango la upande wa pili. Hapo alisimama mama mnene mwenye rundo la funguo, mlezi wa bweni, akawa ananitazama tangu mbali.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kutazama bweni la wasichana."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na mzee mmoja wa Nainokanoka. Ana binti anataka kuja. Tumewaona kwenye tovuti yenu."

"Tuna tovuti?" Akafikiri. "Haya, ndiyo. Sasa, kijana wangu, mwanaume hapiti hapa. Hata mkuu wa chuo hapiti mpaka nimtangulie mimi."

"Nitazame tu kutokea mlangoni."

"Mlangoni ndipo ulipo. Umeshatazama."

Nilimweleza habari ya ng'ombe na jinsi mzee alivyonituma. Alisikiliza vizuri, hata akacheka pale picha ilipobanwa, akasema mkuu wa chuo naye alilalamika kwamba watu wanamwuliza kama anaumwa. Lakini hakusogea. Mzee aje mwenyewe, akasema, au alete mama wa mtoto, atawatembeza kitanda kwa kitanda. Kisha akanyoosha mkono. "Wanaume wanalala ng'ambo ya barabara. Nyumba ya bati jipya. Mwambie mwenyewe nimekutuma mimi, asikupe chumba cha mbele, malori yatakukosesha usingizi."

Nilipiga simu nikiwa nimesimama kandokando ya barabara. Mama wa kafe alipokea, nikamsikia anasema, "Mzee, ongea hapa, si hapo, geuza."

"Yero," sauti yake ikaja. "Umewaona?"

"Nimewaona. Mweusi mwenye bato, mwenye pembe iliyoinama, na wenzao. Wamekula leo. Ndama wanaruka."

"Maji?"

"Yapo. Bombani."

"Wasichana?"

"Hawaogopi. Mmoja nimemwona anagombana na dume, na dume ndilo lililoondoka."

Akacheka kidogo. "Wanalala wapi?"

Hapo nikakumbuka alivyosema kuhusu kisichoonekana. "Hapo sikuona, mzee. Kuna mama langoni amenikatalia. Nimemwomba, nimemweleza, amekataa. Amesema mwanaume hapiti, hata mkuu wa chuo."

Nilidhani atasema tuhame.

"Amekukatalia kabisa?" akauliza.

"Kabisa. Amenipeleka ng'ambo ya barabara."

"Basi umeona," akasema. "Mlango una mwenyewe." Nikamsikia anazungumza Kimaa na mtu wa karibu, maneno machache, kisha sauti ya binti ikauliza kwa mbali, kwa Kiswahili, kama ile kompyuta ya pembeni ina mtu. Mama akajibu haina mtu, ila A akandamize.

Nikavuka barabara. Mwenye nyumba ya bati jipya alikuwa anawasha kibatari. Nilimwambia nimetumwa na mama wa langoni, akaniuliza nitakaa siku ngapi, nikasema sijui, akasema hiyo ni kawaida. Akanipa chumba cha nyuma: kitanda, ndoo ya maji, na dirisha la mbao linalofunguka upande wa chuo. Nikalitundika blanketi langu kwenye msumari. Kutoka ng'ambo, ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua, na mtu alikuwa anapita na funguo zake akifunga milango mmoja baada ya mwingine.